Kifungu Kisichochoka: Tahakiki ya Vifungu vya Ufahamu Vinavyotumiwa Tena katika Majaribio ya Mtandaoni

Ikisiri

Tahakiki hii inachunguza kifungu cha ufahamu kama utanzu wa maandishi. Inajikita katika vifungu vinavyohifadhiwa katika benki ya maswali ili vitumiwe mara nyingi katika majaribio ya mtandaoni. Hoja kuu ni kwamba kifungu huweza kutumiwa tena kwa sababu mbili zinazopingana: ama kwa kuwa hakina kitu cha kukifungia mahali popote, ama kwa kuwa kina maana nyingi kuliko swali moja linavyoweza kuchota. Mifumo ya kompyuta haitofautishi hali hizi mbili, na mtunzi asiyezitofautisha hujikuta akipima kumbukumbu, ubashiri au sarufi huku akidhani anapima ufahamu. Tahakiki inaonyesha pia kuwa upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili, tofauti za msamiati kati ya nchi na nchi, na tabia ya kutafsiri vifungu kutoka lugha nyingine huleta matatizo ambayo miongozo iliyoandikwa kwa lugha nyingine haiyagusi.

1.0 Utangulizi

Kifungu cha ufahamu ni miongoni mwa maandishi ya nathari ya Kiswahili yanayosomwa kwa makini zaidi, na ni miongoni mwa yale yanayohakikiwa kwa nadra zaidi. Nchini Kenya, Karatasi ya Pili ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE hutenga alama 15 kwa ufahamu na nyingine 15 kwa ufupisho. Hivyo, alama 30 kati ya 80 hutegemea vifungu viwili ambavyo mwandishi wake hatajwi. Katika miaka ya mwisho ya KCPE, mtihani uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, maswali 20 kati ya 50 ya Kiswahili yalijengwa juu ya vifungu viwili vya ufahamu, na mengine 15 yalikuwa ya kujaza mapengo ndani ya vifungu vifupi. Riwaya iliyoteuliwa kutahiniwa huzua mijadala, miongozo na tasnifu. Kifungu chenye uzito wa namna hii huishia kwenye bahasha ya mtihani, kisha kwenye kitabu cha marudio.

Majaribio ya mtandaoni yamebadili hali hiyo. Kifungu hakiandikwi tena kwa asubuhi moja ya mtihani. Huwekwa katika benki, hupewa jina na kategoria, kisha huitwa kila kinapohitajika: muhula huu kwa kundi hili, mwakani kwa kundi jingine, na pengine katika chuo kingine kabisa. Uchumi wa jambo hili unaeleweka, kwa kuwa kutunga kifungu kizuri na maswali kumi yenye vipotoshi vya kuaminika ni kazi ya siku kadhaa, na mwalimu mwenye wanafunzi mia tatu hana siku hizo kila wiki. Linalopasa kuulizwa ni aina ya maandishi ambayo mazoea haya yanayazaa, na anachopoteza msomaji pindi maandishi hayo yanapoandikwa kwa hofu ya kuchakaa.

2.0 Misingi ya Tahakiki

Tahakiki imeegemea mawazo ya wanadharia wawili wa usomaji. Wolfgang Iser, katika kazi yake ya mwaka 1976 kuhusu tendo la kusoma, alidai kuwa matini ya kifasihi huacha mapengo ambayo msomaji huyajaza kwa kuunganisha yaliyosemwa na yasiyosemwa. Louise Rosenblatt, mwaka 1978, alitofautisha usomaji wa kutoka na kitu, ambapo msomaji hutafuta taarifa ya kuondoka nayo, na usomaji wa kuishi ndani ya matini wakati wa kuisoma. Swali la ufahamu huelekea kwenye usomaji wa kwanza. Hata hivyo, swali zuri la ufahamu haliwezi kuundwa juu ya matini isiyo na pengo la aina anayoizungumzia Iser, kwa sababu pasipo pengo hakuna cha kufahamu, bali kuna cha kunakili tu.

Kutoka katika taaluma ya upimaji, tahakiki inachukua dhana mbili. Ya kwanza ni utegemezi wa swali kwa kifungu: je, mtahiniwa asiyekisoma kifungu anaweza kupata jibu? Suala hili lilichunguzwa na Tuinman katika miaka ya 1970 kwa kuyapitia majaribio ya ufahamu yaliyokuwa yakitumika Marekani. Ya pili ni fungu la maswali, dhana iliyopendekezwa na Wainer na Kiely mwaka 1987. Kwa mujibu wao, maswali yanayotegemea kifungu kimoja yachukuliwe kama kitu kimoja, kwa kuwa hayajitegemei: anayekielewa vibaya kifungu hukosa mengi kwa mpigo.

3.0 Kifungu na Maswali Yake ndani ya Mfumo

Kabla ya kuhakiki lugha ya kifungu, yafaa kueleza makazi yake. Katika Moodle, mfumo unaotumiwa na vyuo vingi vya Afrika Mashariki, kuna njia mbili za kawaida za kuweka kifungu. Njia ya kwanza ni kukiweka kama kipengele cha maelezo, yaani maandishi yanayoonekana kwenye ukurasa bila kuwa na alama. Njia ya pili ni kukiweka ndani ya swali la aina ya klozi, ambapo maandishi na nafasi za majibu hukaa pamoja. Neno klozi lenyewe lilitoka kwa Wilson Taylor, aliyelitumia mwaka 1953 kwa mbinu yake ya kufuta maneno ndani ya matini ili kupima usomekaji.

Kila njia ina kasoro yake. Kipengele cha maelezo hakina kamba inayokifunga na maswali yake. Mwalimu akiuagiza mfumo uchote maswali kwa bahati nasibu kutoka katika kategoria, mtahiniwa anaweza kuulizwa kuhusu mhusika ambaye hajawahi kukutana naye. Njia ya klozi huondoa hatari hiyo, lakini kila seti mpya ya maswali hudai nakala mpya ya kifungu. Kosa la tahajia likisahihishwa katika nakala moja, hubaki katika nakala nyingine zote. Baada ya miaka mitatu, benki huwa na ndugu watano wa kifungu kimoja, wanaofanana sura na kutofautiana makosa.

Suluhisho la kiufundi lipo. Viwango vya QTI vya kubadilishana maswali huruhusu kifungu kihifadhiwe peke yake na kurejelewa na maswali mengi, na baadhi ya mifumo mingine ya ufundishaji hutoa nafasi maalumu ya kifungu inayoambatanishwa na maswali. Utaratibu huu una maana kubwa kuliko urahisi wa kuhifadhi. Kifungu kinapotenganishwa na maswali yake, hulazimika kusimama kwa miguu yake. Mtunzi hawezi tena kupachika sentensi ya ajabu kwa kuwa tu swali la nne linaihitaji. Anawajibika kuandika matini kwanza, kisha kuisoma kama mgeni na kuuliza inabeba nini.

Utaratibu huohuo hudai nidhamu ambayo karatasi haikuidai. Maelekezo kama “rejelea jibu lako la hapo juu” hayana maana pale mpangilio wa maswali unapochanganywa. Kurejelea nambari ya mstari huvunjika kwenye simu, kwa kuwa mistari hujipanga upya kwa kila upana wa kioo. Kurejelea aya hubaki salama. Tatizo zito zaidi ni maswali yanayofichuana majibu. Swali linaloanza kwa kutaja tukio kama jambo linalojulikana huwa tayari limelijibu swali jingine linalouliza iwapo tukio hilo lilitokea. Katika karatasi, mtunzi aliyaona yote mawili kwa pamoja. Katika benki, yanaweza kutungwa na watu wawili kwa miaka tofauti, yakakutana kwa mara ya kwanza mbele ya mtahiniwa.

4.0 Kifungu Kitupu na Kifungu Kilichojaa

Mtunzi anayeambiwa kuwa kifungu chake kitatumika kwa miaka kumi hujawa na hofu ya kuchakaa. Huondoa tarehe, bei, majina ya mahali, misemo ya mtaa na chochote kinachoweza kumkwaza mtu. Kinachobaki hufanana na mfano huu, uliotungwa kwa ajili ya tahakiki hii:

“Maji ni muhimu sana kwa maisha ya binadamu. Watu hutumia maji kwa kunywa, kupika na kuoga. Baadhi ya watu huchafua vyanzo vya maji kwa kutupa taka ovyo. Ni wajibu wa kila mmoja kutunza vyanzo vya maji.”

Msomaji wa Kiswahili anaifahamu sauti hii. Ni sauti ya bango la ofisini. Kila sentensi ni kweli, na hakuna sentensi inayoihitaji mwenzake: zikipangwa upya, kifungu hakiumii. Swali likiulizwa, “Kwa mujibu wa kifungu, ni nani anayepaswa kutunza vyanzo vya maji?”, mtahiniwa anayejua tabia ya mitihani atajibu “kila mtu” bila kusoma chochote. Kifungu hiki kinaweza kutumiwa tena milele, kwa sababu hakijawahi kutumiwa hata mara moja. Kinachopimwa ni iwapo mtahiniwa amezoea mawaidha.

Mfano wa pili, nao umetungwa kwa ajili ya tahakiki hii, unahusu maji vilevile:

“Bomba la mtaa lilifunguliwa saa kumi alfajiri, lakini foleni ya ndoo ilianza tangu usiku. Mwanaisha aliacha ndoo yake ya buluu nyuma ya dumu la Bi Rehema, akarudi kulala. Alipoamka, dumu lilikuwa mlangoni kwake, limejaa. Ndoo ya buluu haikuonekana. Hakuuliza. Alimimina maji katika mtungi, akalisuuza dumu, akalipeleka kwa Bi Rehema likiwa tupu, na sahani ya maandazi juu yake.”

Kifungu hiki kina maneno machache, lakini kina tabaka. Swali la ngazi ya chini huuliza rangi ya ndoo. La kati huuliza ni nani aliyelijaza dumu, jambo ambalo halikusemwa popote bali hudaiwa na kila sentensi. La juu huuliza kwa nini Mwanaisha hakuuliza, na sahani ya maandazi inasema nini ambacho yeye hakukisema. Mwalimu wa sarufi anaweza kukitumia kufundisha rejeshi na viambishi vya yambwa. Mwalimu wa fasihi anaweza kukitumia kufundisha kimya kama usemi, na mwalimu wa isimujamii anaweza kujadili heshima iliyo katika neno “Bi”. Kifungu kinatumika tena kwa sababu kila msomaji humkuta Mwanaisha akiwa bado hajauliza. Pengo la Iser liko katika neno moja, “Hakuuliza”, na kulifuta neno hilo kwa kuongeza maelezo kungekuwa kukifuta kifungu kizima.

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo haipaswi kudharauliwa. Vifungu vitupu hutetewa kwa msingi wa haki: kifungu kisicho na mahali hakimpendelei mtoto wa pwani dhidi ya mtoto wa bara, wala wa mjini dhidi ya wa shambani. Lakini kutokuwa na mahali si kutokuwa na upendeleo. Kifungu cha mawaidha humpendelea aliyefunzwa mbinu za mtihani, yule ambaye mzazi wake alimudu masomo ya ziada na vitabu vya marudio. Mtoto ambaye hajawahi kupanga foleni ya maji anaweza kuielewa foleni ya Mwanaisha, kwa kuwa kifungu chenyewe kinamweleza inavyokwenda. Haki hupatikana pale kifungu kinapobeba ndani yake kila kinachohitajika ili kieleweke, hata kama kina harufu ya mtaa fulani.

Hata hivyo, harufu hiyo hudai uangalifu wa msamiati. Kwa msomaji wa Tanzania, dumu ni chombo cha plastiki chenye mdomo mwembamba, na mtungi wa maji ni chombo cha kuhifadhia nyumbani. Kwa wasomaji wengi wa Kenya, chombo hichohicho cha plastiki huitwa mtungi. Kifungu kikivuka mpaka wa Namanga bila maelezo, msomaji atamwona Mwanaisha akimimina maji kutoka dumu hadi dumu, na hatua nzima itapoteza maana. Kutumia tena hakumaanishi kutoguswa. Kifungu kilichohifadhiwa peke yake kinaweza kuwekewa maelezo ya neno moja chini yake, na maelezo hayo yakawafikia wote.

5.0 Nanasi lisilo na Majibu

Hatari ya kutumia tena bila kuhakiki inaonekana katika tukio la Marekani la mwaka 2012. Katika mtihani wa kusoma wa darasa la nane wa jimbo la New York kulikuwa na kifungu kuhusu nanasi lililomwalika sungura kushindana mbio. Wanyama watazamaji walidhani nanasi lina hila, wakaliunga mkono. Sungura akashinda, nao wakalila nanasi. Watahiniwa waliulizwa kwa nini wanyama walilila nanasi na ni nani aliyekuwa na hekima kuliko wote. Malalamiko yalipotangaa, wakuu wa elimu wa jimbo walitangaza kuwa maswali hayo hayatahesabiwa. Magazeti yalieleza kuwa kifungu hicho kilikuwa kimekwisha kutumiwa katika majimbo mengine kabla ya hapo.

Asili ya kifungu ni kisa cha kuchekesha cha mwandishi Daniel Pinkwater, ambamo mshindani wa sungura alikuwa biringanya. Pinkwater mwenyewe alieleza kuwa kisa chake ni cha upuuzi wa makusudi. Hapa ndipo somo la kihakiki lilipo. Kisa cha upuuzi huhitaji msomaji akubali kwamba hakuna sababu, ilhali swali la kuchagua hudai sababu iwepo na iwe moja tu. Kwa msomaji aliyelelewa na hadithi ya sungura na kobe, kifungu kimemtega mara mbili: kinaita kanuni ya ngano, kisha kinaivunja, na swali linamwadhibu kwa kuikumbuka. Kasoro haikuwa katika kisa wala katika umbo la swali, bali katika kuvikutanisha bila kuuliza kama vinaelewana.

Mwaka 2017 mshairi Sara Holbrook aliandika kwamba hakuweza kujibu baadhi ya maswali yaliyoulizwa kuhusu mashairi yake mwenyewe katika mitihani ya jimbo la Texas. Ni kweli kwamba mwandishi si mwamuzi wa mwisho wa maana ya kazi yake. Lakini swali ambalo jibu lake “sahihi” haliwezi kutetewa kwa ushahidi wa matini huwa limeacha kupima usomaji, na limeanza kupima uwezo wa kubashiri nia ya mtunzi wa swali.

6.0 Sarufi Inayovujisha Majibu

Miongozo mingi ya kutunga maswali inayopatikana mtandaoni imeandikwa kwa lugha zisizo na ngeli. Matokeo yake ni kwamba haimwonyi mtunzi wa Kiswahili kuhusu adui wake wa karibu. Tazama swali hili juu ya kifungu cha Mwanaisha: “Lililopelekwa kwa Bi Rehema likiwa tupu ni (a) ndoo (b) dumu (c) mtungi (d) sahani.” Kiambishi li- kimekwisha kujibu. Kati ya nomino nne, ni dumu pekee linalopatana nacho, na mtahiniwa anayejua ngeli hahitaji kufungua kifungu. Swali lilelile likiandikwa “Ni kitu gani kilichopelekwa kwa Bi Rehema kikiwa kitupu?”, upatanisho huifuata nomino “kitu” na vipotoshi vyote vitatu hurudi uhai. Njia ya pili ni kuchagua vipotoshi vya ngeli moja.

Kinyume cha tatizo hili ni utata wa nafsi ya tatu. Kiambishi a- hakitofautishi mwanamke na mwanamume, wala hakisemi ni yupi kati ya wawili waliotajwa. Sentensi “alimwambia kwamba amechelewa” huacha wazi ni nani aliyechelewa. Katika hadithi, utata huo unaweza kuwa utamu. Katika kifungu kitakachobeba maswali ya watunzi wengi, ni lazima ama uondolewe kwa kutaja jina, ama uwe wenyewe ndio unaoulizwa.

Usahihishaji wa mashine huzidisha ugumu. Katika swali la jibu fupi, Moodle hulinganisha herufi alizoandika mtahiniwa na majibu yaliyoorodheshwa, na humruhusu mtunzi kutumia nyota kuwakilisha herufi zozote. Kiswahili hubeba ukanushi, wakati na nafsi ndani ya neno moja. Mtunzi anayeandika *suuz* ili kukubali “alisuuza” na “kulisuuza” huwa amekubali pia “hakulisuuza”, jibu lililo kinyume kabisa. Aidha, agizo la jadi la kueleza maana ya maneno “kama yalivyotumika katika kifungu”, ambalo ndilo humrudisha mtahiniwa kwenye matini, hugeuka kuwa swali la kamusi pale jibu linalokubaliwa ni kisawe kimoja tu. Maswali ya aina hiyo yafaa yasahihishwe na binadamu, au yawe ya kuchagua, vipotoshi vikiwa maana nyingine halisi za neno lilelile.

7.0 Vifungu Vilivyotafsiriwa

Mfano mkubwa wa vifungu vinavyotumiwa tena ni mkusanyiko wa Belebele, uliotolewa mwaka 2023 na watafiti wa kampuni ya Meta ili kupima uwezo wa programu za lugha. Una vifungu 488 na maswali 900 ya kuchagua, yakiwa sambamba katika lugha na miandiko 122, Kiswahili kikiwemo. Nguvu yake ni ulinganifu: swali lilelile linaweza kuulizwa kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine, na tofauti ya matokeo ikasomwa. Udhaifu wake, kwa mhakiki wa Kiswahili, umo katika chimbuko. Vifungu vilitafsiriwa kutoka Kiingereza, hivyo kinachopimwa ni kufahamu Kiswahili cha tafsiri, chenye mada na mpangilio wa hoja uliochaguliwa na msomaji wa kwingine.

Njia tofauti ilifuatwa na watafiti wa Kenya waliounda KenSwQuAD. Walianza na matini zilizokusanywa kwa Kiswahili, wakatunga maswali na majibu 7,526 juu ya matini 1,445. Mkusanyiko huu hauwezi kulinganishwa na wa lugha nyingine kwa urahisi, lakini hapa Kiswahili ndicho kilichotangulia na swali likafuata. Kwa darasa la Kiswahili, mpangilio huo ndio unaofaa. Kifungu cha tafsiri kinaposema mkutano ulianza “saa 8:00” asubuhi, mwanafunzi anayehesabu saa mbili hukutana na kikwazo ambacho hakihusiani na ufahamu wake.

8.0 Hitimisho

Tahakiki imeonyesha kwamba thamani ya kutumia tena kifungu haipimwi kwa idadi ya mara kilivyoitwa na mfumo, bali kwa idadi ya maswali ya kweli ambayo kifungu kinayastahimili. Kifungu kinachofaa huandikwa kabla ya maswali, huhifadhiwa peke yake, huwekewa maelezo ya msamiati pale kinapovuka mipaka, na hujaribiwa kwa kumpa msomaji maswali bila matini: akipata majibu mengi, kifungu au maswali yarudishwe kwa mtunzi. Maswali yake nayo yasomwe yote kwa pamoja kila jipya linapoongezwa.

Kilicho hatarini ni zaidi ya alama. Mwanafunzi asomaye mawaidha kumi kila muhula hujifunza kwamba nathari ya Kiswahili ni lugha ya bango, isiyoficha kitu na isiyohitaji kurudiwa. Anayemsoma Mwanaisha hujifunza kwamba Kiswahili huweza kunyamaza, na kwamba kimya hicho kina maana inayotafutwa kwa ushahidi. Benki za maswali zinazojengwa sasa zitawalea wasomaji kwa miaka mingi ijayo. Kwa hiyo, vifungu vyake vinastahili wahakiki kama vinavyostahili watahini.